Jibu Lisilofika Gitega

Muyinga, 2 Agosti 2010

Binti yangu Faida,

Bahasha yako ilishuka na gari la Karuzi jana mchana, flashi ikiwa imefungwa ndani ya soksi ya mtoto. Nilicheka peke yangu pale mapokezi. Soksi nimeifua, inarudi na barua hii.

Uliponipigia simu Alhamisi kusema fomu za zile kaya tano za majaribio, za wakimbizi waliorudi kutoka Tanzania, zimefika Gitega zikisomeka "hadai ardhi", nilidhani nimekosea kujaza. Nikatoa karatasi zao. Zote tano zina alama ya ndiyo na dole gumba chini yake. Nimekaa na jambo hili siku tatu, na sasa nadhani nimelipata. Niruhusu nieleze kwa urefu. Nilifundisha Kasulu miaka ishirini na sita, na mpaka leo siwezi kufikiri bila kueleza.

Chombo ulichonipa kinasoma maelezo ya huduma yako, kisha kinaandika chenyewe msimbo wa wakala. Wakala huyo anakaa kwenye kompyuta yangu hapa Muyinga akisimama badala ya seva yako. Namkabidhi majibu ya mtu aliyevuka mpaka, naye anayapanga na kuyapeleka Gitega. Hapo sina neno. Lakini maelezo yako yanasema swali la ardhi si la lazima, kwa hiyo chombo kimeandika vitu viwili kwa swali moja. Cha kwanza kinaitwa anadai. Cha pili kinaitwa anadaiImetajwa. Nikiweka ndiyo kwenye cha kwanza na kukisahau cha pili, wakala halalamiki. Anapeleka jina, kilima alikozaliwa, mwaka wa kukimbia, na jibu la ardhi analiacha hapa hapa. Seva yako, isipoona jibu, inaandika hapana.

Nataka kuongeza mstari mmoja ndani ya faili la wakala, ili kila anadai inapojazwa, anadaiImetajwa ijiwashe yenyewe. Skrini zinazogusa swali hilo ni kumi na moja, nami nina miaka hamsini na minane; nikirekebisha skrini moja moja nitaisahau moja. Ila juu ya faili kuna onyo kwamba limeandikwa na chombo, na mabadiliko yatapotea likizalishwa upya. Je, niandike humo humo, au kuna mahali pengine pa kuandikia?

Sikuulizi kwa udadisi tu. Kupokea madai kunafungwa tarehe 30 Septemba, na mdogo wangu Kasilda anavuka na msafara wa tarehe 18 mwezi huu. Sisi tulioajiriwa na mradi haturuhusiwi kudai kitu, hivyo shamba la baba yetu kule Itaba, mkoani Gitega, litadaiwa na yeye, au halitadaiwa kabisa. Mwaka 1972 nilimvusha mgongoni akiwa na miaka sita. Sasa ana arobaini na minne, hana mtoto, na mumewe amezikwa Kibondo. Jibu lake likibaki njiani, hana mahali pengine duniani pa kuweka kitanda.

Mimi,
Kasiano

*

Gitega, Mushasha, 6 Agosti 2010

Papa Kasiano, bonjour,

Nimesoma barua yako kwa ofisi, wenzangu wote wakauliza naandikiwa na nani, professeur ao padri? Nikawaambia ni mzee moja wa Muyinga anafua soksi za watoto wangu.

Uko na haki. Ni ile kitu ya pili, ile Imetajwa. Mi mwenyewe ilinisumbua mwaka jana siku mbili nzima, nikalia kwa choo. Andika tu mstari wako mule mule ndani ya faili. Lile onyo iko juu ya kila faili, ni kama vile wanaandika "usiteme mate" ndani ya bus. Nani anasoma? Iko njia ingine, safi zaidi, nitakufundisha siku ukikuja huku, leo niko na kazi mingi sana na directeur anapita nyuma yangu kila dakika kama kuku anatafuta pa kutagia.

Juu ya dada yako, usiogope. Akifika utamuandikisha vizuri. Mi nilikimbia Bukavu mu 96 na mtoto mgongoni, najua vile inakuwaka. Mwambie Faida anamusalimia.

Ukipata asali ya huko, we unajua njia ya kwangu.

Binti yako,
Faida

*

Muyinga, 25 Agosti 2010

Binti yangu Faida,

Mstari umefanya kazi. Tangu tarehe 9 nimetuma kaya mia moja na arobaini, na ulizonithibitishia kwa simu zote zimesomeka ndiyo. Asali iko kwenye dumu dogo. Mwambie kondakta asilishike kwa mfuniko.

Kasilda amefika. Alishuka lorini na sufuria mbili na godoro lililokunjwa, akanitazama, akasema, "Kaka, umekuwa mfupi." Hatukulia. Tulikuwa tumeambiana kwa simu kwamba hatutalia, na sisi ni watu wa kushika miadi.

Siku ya pili nikamwandikisha. Alivuta kiti karibu na kompyuta akataka kuona kila neno. Nilipofika kwenye swali lenyewe nikamwuliza kwa sauti ya kazi, kama ninavyowauliza wote, "Je, unadai ardhi?"

"Mashine yako inaniuliza kama nadai? Iambie nadai na vumbi lake."

Nyuma yake kwenye foleni alikuwapo mama mmoja anaitwa Efrazia, wa Gishubi. Akapaza sauti, "We mama, huyo anayekuandika ni kaka yako wa tumbo moja?"

"Tumbo moja."

"Basi usimwangalie usoni, mwangalie vidole! Wangu alinisomea karatasi vizuri kama katekista. Kumaliza, nikajikuta nimemwachia mpaka jiko."

Watu walicheka sana. Kasilda alicheka kuliko wote. Unajua desturi ya huku kwetu: baba akiacha mtoto wa kiume, binti hahesabiwi kwenye shamba. Ndiyo maana nilifurahi kubonyeza kitufe kile mbele ya foleni nzima. Nilitaka waone kaka anayeandika ndiyo.

Nina swali la kazi. Fomu yako inapokea majirani wawili tu wa mpaka, nami kwa shamba letu ninao wanne. Wawili wamekufa. Waliobaki ni Nazario, upande wa mashariki, ambaye naambiwa bado anaishi pale pale, na parokia, upande wa juu, ambako katekista alianza kujenga darasa la matofali akaishia kwenye msingi. Chini shamba linaishia mtoni. Je, niwaandike walio hai tu, au niwaandike na marehemu? Nataka dai hili liwe safi kuliko yote niliyoyatuma.

Mimi,
Kasiano

*

Gitega, 11 Septemba 2010

Papa Kasiano,

Unisamehe nimekawia. Watoto walikuwa na homa.

Andika majirani wako hai tu. Inatosha.

Nilitaka kujua vitu kidogo, ni kwa kupanga dossier vizuri. Dada yako iko na karatasi yoyote ya lile shamba, ao ni kumbukumbu tu? Iko mwingine wa familia anaweza kudai, ao ni yeye peke yake? Na yule Nazario, mumeisha kuongea naye?

Asali ilifika. Merci.

Faida

*

Muyinga, 14 Septemba 2010

Binti yangu Faida,

Poleni kwa homa. Nilianza kuwa na wasiwasi, nikahesabu magari matano ya Karuzi yasiyo na barua.

Nakujibu kwa mpangilio wako. Karatasi hatuna, tulitoka na nguo tulizovaa. Mwingine wa kudai hayupo, tumebaki wawili, na mimi nimefungwa na kazi yangu. Nazario hatujaongea naye. Kwa utaratibu wenu, mashahidi huitwa baada ya orodha kutoka, na huitwa kwa wale tu waliodai. Aliniona mara ya mwisho nikiwa na miaka ishirini, lakini baba yetu alimjua kama kiganja chake.

Sasa naomba jambo lisilo la kazi. Kasilda amechoka na hema la mapokezi, na anataka kuwa karibu na Itaba orodha ikitoka. Hatuna mtu Gitega. Je, unaweza kumpa kona pale Mushasha mpaka Oktoba? Anapika, anafua, na hasemi sana. Nikikuomba wewe sioni aibu, na hilo peke yake linanishangaza, kwa kuwa huku niliporudi nimekuwa naona aibu hata kuuliza njia.

Mimi,
Kasiano

*

Gitega, Mushasha, 20 Septemba 2010

Papa Kasiano,

Dada yako amefika salama, iko hapa, anamenya ndizi na watoto wamemupanda kama mti. Bwana yangu Egidius amesema akae vile anataka. Usiwe na mawazo.

Bon, kazi. Ndani ya bahasha iko flashi na maelezo mapya ya huduma. Wakubwa wametaka jina la mama liongezwe, na sasa ni la lazima. Kuanzia tarehe 27 seva itakataa ujumbe wa namna ya zamani. Donc unazalisha wakala upya, ni dakika mbili tu.

Kisha utatuma tena kaya zote za Itaba na za Gishubi, na jina la mama. Ni tarafa hizo mbili peke yake. Ujumbe mpya utafunika wa zamani. Fanya mbele ya tarehe 30, papa, kiisha hapo mlango umefungwa na hata mi sitaweza kuufungua.

Faida

*

Muyinga, 22 Septemba 2010

Binti yangu Faida,

Naandika kwa haraka, gari linawashwa.

Kwanza, mtu asiyejua jina la mama yake, niandike nini? Wapo watatu waliookotwa njiani wakiwa wachanga. Pili, kaya za Itaba na Gishubi kwangu ni thelathini na saba. Je, kwenu hesabu ni hiyo hiyo? Tatu, naweza kutuma zote siku moja, au seva itaelemewa? Nne, ule mstari wangu niliouandika ndani ya wakala mwezi wa nane: nikizalisha upya, utabaki?

Ahsante kwa Kasilda. Ameniambia kwa simu kwamba unamwita dada mkubwa.

Kasiano

*

Gitega, 25 Septemba 2010

Papa Kasiano,

Wale batatu, andika "hajulikani", seva inakubali. Thelathini na saba ni sawa na huku. Tuma zote siku moja, hakuna shida, niko nalinda seva mi mwenyewe.

Dada mkubwa anakusalimia. Leo amepika sombe, Egidius amekula mpaka akafungua mukaba wa suruali.

Faida

*

Muyinga, 28 Septemba 2010

Binti yangu Faida,

Imekwisha. Jana asubuhi nilizalisha wakala mpya, mchana nikatuma kaya zote thelathini na saba, na kwa kila moja seva ilinirudishia neno "imepokelewa" na namba yake. Ya Kasilda nimeituma ya mwisho ili nimalizie nayo siku. Jina la mama yetu nililiandika polepole. Halikuwa limeandikwa mahali popote tangu azikwe.

Swali langu la nne hukulijibu. Nililiona. Lakini mtu wa umri wangu hamwulizi mtu mara mbili, na nikajiambia: kama kungekuwa na hatari, Faida angepiga kelele.

Mimi,
Kasiano

*

Muyinga, 2 Novemba 2010

Faida,

Orodha imebandikwa hapa jana saa nne. Kaya zangu za Itaba na Gishubi, thelathini na saba, zote zimeandikwa "hawadai". Zote. Kasilda ni wa kumi na tisa kutoka juu.

Nilirudi ndani nikafungua faili la wakala. Mstari wangu haupo. Chombo kiliandika faili jipya juu ya la zamani, na mstari ukaenda nalo, kama onyo lilivyosema tangu siku ya kwanza. Nimesoma sasa nilichopaswa kusoma mwezi wa nane. Ile njia safi uliyosema utanifundisha ni kuandika marekebisho kwenye faili la pembeni: darasa moja, yaani fungu moja la msimbo, linagawanywa sehemu mbili, sehemu moja ya chombo na sehemu moja ya mtu, na chombo hakigusi ya mtu hata kikizalisha mara mia. Imenichukua saa moja. Nimelijaribu faili hilo leo, na linafanya kazi bila kasoro. Halina tena kazi ya kufanya.

Sikulaumu kwa kusahau. Mimi ndiye niliyebonyeza. Efrazia yuko humo, alikuja jana na mjukuu wake akanitaka nimsomee jina lake, nikamsomea. Alitazama vidole vyangu.

Bado kuna mlango mmoja. Kanuni inasema dai lililofungwa linaweza kufunguliwa ikiwa fundi wa seva ataandika kwamba kosa ni la mashine na si la mdai. Fundi ni wewe. Karatasi zote thelathini na saba ninazo, zenye dole gumba, na alama ya ndiyo unaiona hata ukisimama mlangoni. Sentensi moja, Faida. "Jibu halikutumwa kwa sababu ya namna wakala alivyozalishwa." Ni kweli tupu, na haimpi mtu yeyote lawama. Kasilda unaye hapo nyumbani. Mtazame anavyomenya hizo ndizi, kisha uandike.

Ila kuna jambo nalikwepa tangu jana, na siwezi kufunga barua bila kulitaja. Jina la mama lilihitajika kwa nchi nzima. Kwa nini kutuma upya kulihitajika kwa Itaba na Gishubi tu?

Kasiano

*

Gitega, 12 Novemba 2010

Papa Kasiano,

Umeuliza, nitakujibu, na hii mara nitajibu yote.

Lile shamba kati ya Nazario na ule msingi wa katekista ni pale mama mukwe wangu Paskazia analima tangu 1996. Walipewa na administrateur wa tarafa wa wakati ule, hawakunyanganya mtu. Pale ndipo watoto wangu wanakula. Nilisoma barua yako ya mwezi wa nane nikiwa nimekaa kwa ile meza, sahani ya maharagwe ya lile shamba iko mbele yangu. Nilimaliza sahani. Kisha nikakaa wiki mbili sijui nitakuandikia nini.

Mi sikudanganya. Angalia barua zangu zote. Nilisema zalisha upya, kweli ilipaswa kuzalishwa upya. Nilisema kuandika mule mule, wakati ule sikuwa najua chochote, nilitaka tu uache kunisumbua na maswali. Swali la ine sikujibu. Kutojibu haiko uongo. Seva yangu ikikosa jibu inaandika hapana, na we ulikosa jibu langu ukaandika ndiyo. Nani alikutuma?

Unasema sentensi moja. Nikiiandika, kesho Nazario anaitwa, anakutambua, na kesho kutwa mama mukwe wangu anabeba sufuria kwa kichwa na miaka yake sabini na ine. Mi nimekimbia mara mbili, papa. Mara ya tatu sitaki hata kuiona kwa mtu mwingine. Wale thelathini na sita wengine sina ubaya nao. Tarafa moja peke yake ingeonekana, mbili haionekani sana. Ni vile.

Fundi ameisha kuandika. Ameandika kosa ni la mtumiaji wa Muyinga aliyebadilisha faili ambayo onyo linamukataza kubadilisha. Hiyo pia ni kweli tupu, vile unapenda.

Usiwe na mawazo juu ya dada mkubwa. Hatutamufukuza. Mama mukwe amezeeka, anatafuta mtu wa kulima na kumuchotea maji, na dada mkubwa alisema anapenda Itaba. Anaenda Jumatatu. Amekuja kuniuliza kwa nini jina lake iko na hapana. Nilimuonyesha ile nakala ya seva, mahali imeandikwa nani alituma, siku gani, saa gani. Sikuongeza neno. Kusoma anajua.

Na ile njia ya faili ya pembeni, uliipata vizuri. Wengine wanaisoma mwaka mzima.

*

Itaba, 5 Desemba 2010

Kaka Kasiano,

Barua zako tatu zimefika. Nazijibu kwa moja, kwa sababu sina muda wa zaidi, na sitajibu nyingine.

Unaniambia mashine. Unaniambia kuna kitu cha kwanza na kitu cha pili, na mstari uliokuwepo ukatoweka. Nimesoma mara mbili na nimeelewa, usidhani sikuelewa. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma. Lakini kwenye ile karatasi ya Gitega hakuna mashine. Kuna jina lako, tarehe 27 Septemba, saa tisa na dakika arobaini, na hapana. Mara ya kwanza uliniandika mbele ya watu, ukaandika ndiyo. Mara ya pili ulikuwa peke yako.

Umenitumia na barua unayosema Mama Faida amekuandikia. Imepigwa kwa kompyuta, na chini haina jina. Kaka, hapa Burundi nawajua watu wachache sana, na kati yao anayeweza kukaa kwenye kompyuta akaandika barua ndefu namna hiyo ni wewe. Umeiga mpaka Kiswahili chake. Niliposoma pale anaposema amemaliza sahani ya maharagwe, niliona haya kwa niaba yako. Mwanamke huyo alinilaza kitanda kimoja na binti yake miezi miwili.

Unasema uliionyesha kwa mkubwa wako naye akasema barua isiyo na sahihi si kitu. Kumbe nyote wawili mnajua kanuni.

Sikulaumu sana kama unavyofikiri. Kule Kibondo nimeishi na wanawake walioachwa na kaka zao kwa namna zote, wengine kwa panga, wengine kwa karatasi. Wewe umenifanyia taratibu, na umelia kwenye simu baadaye. Umestaafishwa, nasikia. Pole. Mwaka mmoja ukipita, mtu aliyetoka kwenye mradi anaruhusiwa kudai hata kama orodha imeshafungwa, na kwa karatasi yako dada alishasema hadai. Mama Faida hakuniambia hilo. Nililisoma mwenyewe kwenye ukuta wa tarafa.

Mama Paskazia ni mzee, ana maneno makali asubuhi na jioni anatulia. Amenipa chumba cha nyuma ya jiko, chenye mlango. Nalima upande wa chini mpaka mtoni. Ameniomba jambo moja tu, nisiseme mbele ya watu kwamba hapa palikuwa kwa baba, kwa sababu maneno hayo yanamnyima usingizi. Nimekubali. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa kwa kile chumba.

Jumanne mkuu wa kilima alipita na daftari lake la wakazi wapya. Aliniuliza nimetoka wapi, nikasema Tanzania. Akaniuliza mzaliwa wa wapi, nikasema sikumbuki, nilikimbia nikiwa mdogo. Akaniuliza kama nina ndugu yeyote hai, wa kuitwa nikifa.

Mama Paskazia alikuwa amesimama mlangoni na kata ya maji. Nilimwambia mkuu aandike hakuna, na nilikaa pale pale mpaka nikamwona ameandika.

Kasilda